Vumbi la Voi kwenye Datsun ya sentimita 17

Ukikaa kwenye meza yangu ya modeli, kitu cha kwanza utakachokiona si rangi wala brashi. Ni vichupa vitatu vya dawa, kila kimoja kimeandikwa jina kwa wino mzito: VOI, NAIVASHA, ATHI. Ndani yake mna udongo: mwekundu, wa kijivu hafifu, na mweusi. Wajenzi wa modeli wa nchi nyingine hununua vumbi la dukani lililosagwa tayari, na vumbi hilo ni zuri. Lakini mimi hujenga magari ya Safari Rally, na magari hayo yalichafuliwa na udongo ninaoujua kwa nyayo zangu. Seti, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kujengea modeli, hutoka Japani ikiwa safi kabisa, stika zinang'aa, kila tairi limekaa kwenye mfuko wake. Kitu pekee ambacho hawakukitia ndani ya boksi ni vumbi, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi iliyoachiwa sisi.

Mchana natengeneza meno bandia hapa Mombasa. Daktari huniletea namba ya rangi kutoka kwenye jedwali lenye rangi 16, na wagonjwa wengi wakiulizwa hutaka ile nyeupe kuliko zote. Jino jeupe kuwapita majirani zake hujitangaza lenyewe kuwa si la kuzaliwa. Ndivyo lilivyo gari la rally lisilo na uchafu. Hata ukilijenga kwa ustadi wa namna gani, jicho la mtu aliyekulia kando ya barabara ya vumbi litalikataa mara moja.

Na mimi nimekulia hapo. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa reli Voi, na miaka ya sabini, kila Pasaka, alikuwa akitembea na wenzake hadi kando ya barabara ya kuelekea Taita kungoja Safari. Maelezo yake hayajabadilika tangu niwe mtoto: "Gari hulioni. Kwanza waona wingu. Halafu wasikia. Halafu waona taa mbili ndani ya wingu, na ukishaziona ushachelewa, rudi nyuma."

Gari nitakalolifuata hapa, kutoka boksi hadi kabati, ni Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari ya 1971. Mashindano yenyewe yalianza 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakawa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Datsun ilishinda kwa gari dogo la 1600 SSS, dereva akiwa Edgar Herrmann na navigeta wake Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili hao walikalia 240Z, gari la milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4, wakashinda tena. Aliyewafuata alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiwa ndani ya 240Z. Mehta alishinda mwenyewe 1973 kwa gari la aina hiyo hiyo, kisha akashinda miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwili mwekundu, boneti nyeusi isiyong'aa: mtu yeyote anayefuatilia Safari humtambua Datsun huyu akiwa mbali. Gari halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi. Modeli hii ni ya kipimo cha 1/24, kwa hiyo ligawe kwa 24 upate kama sentimita 17, yaani linakaa kwenye kiganja cha mkono.

Seti yake imetengenezwa na Hasegawa, kampuni ya modeli ya mkoa wa Shizuoka, na lazima niseme kwamba sisi wapenzi wa Safari tumepata neema miaka ya karibuni. Hasegawa huyo huyo ametoa pia Bluebird 1600 SSS ya 1970. Beemax ametoa Toyota Celica TA64 ya 1985, ile aliyoshindia Juha Kankkunen. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, vijana wengi wameanza kuniuliza seti hizi zinapatikana wapi. Pia zimekuja printa za resini za kukaa mezani, na sasa mtu anaweza kuchapisha viti, rimu au taa za ziada ambazo zamani ungezichonga wewe mwenyewe usiku kucha. Na Julai 2025 tulimpoteza Shunsaku Tamiya akiwa na miaka 90, mtu aliyeichukua kampuni ya baba yake iliyoanza na biashara ya mbao mwaka 1946 akaifanya jina ambalo kila mjenzi wa modeli analijua. Maelekezo ya michoro yanayoeleweka hata na mtu asiyesoma Kijapani, mimi nayahesabu kuwa zawadi yake kwetu. Siku ile habari ilipofika nilifungua boksi lake moja nililokuwa nimeliweka akiba, nikaanza kulijenga.

Vifaa

Usikimbilie kuagiza vifaa vya ng'ambo. Koleo dogo la kukatia, lenye upande mmoja bapa, utalipata kwa wauzaji wa vifaa vya mafundi wa simu. Wembe wa upasuaji namba 11 na mpini wake utaupata duka la vifaa vya hospitali. Msasa wa maji, kuanzia 400 hadi 2000, na tepu ya karatasi ya kufunikia rangi vinauzwa popote wanapouza rangi za magari. Kibano ongeza, na vijiti vya meno, na brashi ya meno iliyochoka.

Gundi ndiyo ya kuagiza. Gundi ya modeli haibandiki kama supagluu. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikiungana zinakuwa kitu kimoja. Chagua ile nyepesi kama maji. Unakutanisha vipande viwili kwanza, kisha unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Usipake halafu ukutanishe. Supagluu iweke kwa vipande vya chuma na resini tu, na isikaribie vioo kabisa, kwa maana mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Vioo vinashikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya shuleni.

Kata, osha, jaribu

Osha fremu zote za plastiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla hujakata chochote. Zinatoka kiwandani na mafuta kidogo, na rangi haipendi mafuta. Zianike kivulini. Jua la Mombasa hupinda plastiki nyembamba, nimeliona kwa macho yangu kwenye bampa.

Kila kipande kikate mara mbili. Kata ya kwanza iwe mbali, ukiacha kijiti cha milimita mbili. Kata ya pili iwe karibu, upande bapa wa koleo ukitazama kipande. Ukikata mara moja tu karibu na mwili, plastiki inavutika na kuacha doa jeupe la mkazo ambalo msasa hauliondoi kwa urahisi. Kinachobaki kipare kwa wembe, kisha msasa.

Kisha geuza mwili wa gari kwenye taa na utafute mshono. Kila mwili wa plastiki una mstari mwembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana, na kwenye magari hupita mara nyingi juu ya madigadi na kando ya paa. Ukipaka rangi juu yake utaonekana kama kovu. Uparue kwa kisu ukiwa umekisimamisha wima, kisha msasa 600, kisha 1000. Hii ni kazi ya dakika arobaini. Wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha gari na kichezeo.

Jaribu kila kitu bila gundi kwanza. Kaa na chasi, mwili na sehemu ya ndani, vikutanishe, vitenganishe, uone vinavyoingiliana. 240Z ina boneti ndefu na tumbo jembamba, na ukishapaka rangi nene ndani ya madigadi, magurudumu yanaweza kugoma kukaa sawa. Afadhali ulijue hilo mapema.

Rangi, na unyevu wa pwani

Kopo la rangi ya kupuliza ni shida kulisafirisha kwa ndege kwa sababu ya gesi iliyomo. Kwa hiyo mimi hutumia rangi ya gari. Kuna duka upande wa Changamwe ambalo fundi wake hunichanganyia mililita mia moja za nyekundu kwa jicho, nikimwonyesha picha. Hiyo inatosha magari kumi ya namna hii.

Ila rangi ya gari ina hatari: thina yake kali inaweza kuyeyusha plastiki. Kabla hujagusa mwili, nunua vijiko vya plastiki vya aiskrimu, paka praima, paka rangi, ngoja siku moja. Kijiko kikikunjamana, ongeza tabaka la praima na upulizie rangi kwa mipulizo mikavu zaidi. Kijiko kikitoka laini, endelea. Nina sanduku zima la vijiko vyekundu, na kila kimoja kina tarehe na uwiano wa thina mgongoni.

Nyekundu ni rangi dhaifu kufunika. Juu ya praima ya kijivu inatoka kama damu iliyoganda. Weka nyeupe juu ya kijivu, au bora zaidi, nyeupe uliyoitia tone la nyekundu ikawa waridi. Hapo nyekundu inapata uhai kwa tabaka tatu nyepesi badala ya saba nzito. Kwa bunduki ndogo ya rangi na kompresa, weka shinikizo la psi 15 hadi 20, umbali wa sentimita kumi au zaidi kidogo, na rangi iwe nyepesi kama maziwa ya ng'ombe, isiwe kama mtindi. Tabaka la kwanza liwe ukungu tu. Acha dakika kumi. La pili lifunike. La tatu liwe bichi zaidi kidogo ili lijinyooshe.

Sasa unyevu. Kwa anayeishi pwani, huu ni adui mkubwa kuliko vumbi la barabarani. Mwaka wangu wa kwanza nilipaka Celica saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa tano, nikidhani ubaridi ni mzuri kwa rangi. Thina ilipokuwa ikikauka ilivuta unyevu wa hewani, na mbele ya macho yangu nyekundu ikaanza kugeuka maziwa, kuanzia paa hadi milangoni. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimetia wiki tatu kwenye mwili ule. Siku hizi kipimo changu ni chombo cha chumvi mezani. Nakitikisa. Chumvi ikimwagika vizuri, napaka. Ikiwa imegandana, naenda kukata fremu au kusaga udongo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kuanzia saa tano mchana hadi saa kumi, chumvi yangu hutiririka kama mchanga wa saa. Wakati wa masika nafanya kazi za ndani ya gari tu.

Na ikikutokea ile rangi ya maziwa, usifute. Ngoja siku kavu, pulizia ukungu mwembamba wa thina inayokauka polepole. Tabaka la juu linalainika, unyevu unatoka, rangi inarudi. Ile Celica niliiokoa hivyo, nusu yake.

Nyekundu ikikauka kwa siku tatu, funika mwili wote kwa tepu ukiacha boneti, na upulizie nyeusi isiyong'aa. Ukingo wa tepu usugue kwa kucha, tena kwa kijiti cha meno kwenye pembe. Toa tepu rangi ingali mbichi kidogo, ukiivuta kurudi juu yake yenyewe.

Stika

Stika za maji zinataka uso unaong'aa. Ukizibandika kwenye uso mkavu usiong'aa, hewa hubaki chini na kutoa kung'aa kama fedha pembeni mwa namba. Mwili mwekundu tayari unang'aa, lakini boneti hapana: kama kuna stika inayokaa juu ya nyeusi, weka klia kidogo, yaani vanishi angavu inayong'aa, mahali pale kwanza.

Kata moja moja. Chovya kwenye maji ya vuguvugu sekunde kumi na tano, itoe, iweke kando dakika moja hadi ikubali kuteleza yenyewe. Usiivute kwa nguvu kwenye karatasi. Itelezeshe kwenye tone la maji juu ya gari, isogeze kwa brashi mpaka ikae, kisha ukamue maji kwa kipande cha pamba kuanzia katikati kwenda nje. Penye mkunjo wa mlango au shina la madigadi, paka siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Stika inalainika na kulala. Kazi hii nagawa kwa jioni mbili, kushoto leo, kulia kesho, ili nisishike zile mbichi.

Juu ya stika weka klia, lakini mipulizo miwili ya kwanza iwe mikavu kabisa, kama pumzi. Klia ya magari ikimwagwa mbichi juu ya stika huikunja.

Ndani ya gari

Hapa sitakaa sana. Paka nyeusi isiyong'aa, viti vipe kijivu kidogo kwenye kingo zilizosuguliwa na mwili wa mtu, mikanda kata kutoka kwenye tepu ya karatasi na uitie rangi. Ndani ya 240Z ni giza, na vioo vikishaingia, kisha vumbi, utaona usukani, sehemu ya juu ya viti na mikanda tu. Muda wako uhifadhi kwa nje.

Udongo

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami.

Modeli yangu ya kwanza niliichafua kwa udongo nilioukwangua nyuma ya nyumba ya mzee. Ilionekana gari limepita kwenye machimbo ya mawe. Hesabu yake ni hii: punje ya mchanga ya nusu milimita, kwenye kipimo cha 1/24, ni jiwe la milimita 12. Nilikuwa nimelibandika gari langu kokoto. Vumbi halisi la Safari ni laini kama unga wa ngano, kwa hiyo kwenye modeli linatakiwa liwe laini kuliko unga, liwe kama poda.

Ungo hautoshi, hata chachi ya kukunja mara tatu. Njia niliyoifikia niliitoa kazini, tunavyofanya na plasta. Kaanga udongo kwenye kikaango kikavu dakika kumi na tano ukikoroga, ili wadudu na ukungu wafe. Utwange kwenye kinu kidogo. Utie kwenye gilasi ya maji, koroga sana, halafu hesabu hadi thelathini bila kugusa. Mchanga mzito unazama. Yale maji mekundu ya juu, yamwage taratibu kwenye bakuli la pili na uliache usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa safi juu na chini kuna tope jembamba kama losheni. Mwaga maji, kausha tope kwenye jua, lisage kwa mgongo wa kijiko. Hicho ndicho kilichomo kwenye vichupa vyangu. Kutoka kwenye kikombe kizima cha udongo wa Voi, unapata vijiko viwili.

Sasa tatizo la gari hili hasa: ni jekundu, na udongo wa Voi ni mwekundu. Nilipoupaka wa kwanza haukuonekana milangoni hata kidogo. Gari lilionekana limefifia tu, kama limekaa juani miaka. Boneti nyeusi ndiyo iliyopokea vumbi vizuri. Suluhisho lilikuwa kichupa cha pili. Vumbi la Naivasha limetokana na volkano, ni la kijivu linaloelekea rangi ya mchanga. Nilichanganya sehemu mbili za Voi na sehemu moja ya Naivasha, na ghafla vumbi likajitenga na rangi ya gari bila kupoteza wekundu wake. Kitu kidogo kikitazamwa karibu kinataka rangi hafifu kidogo kuliko kile kikubwa, kwa hiyo usiogope kuufanya mchanganyiko uwe mweupe kuliko unavyokumbuka. Ule mweusi wa Athi utumie peke yake, kwa matope, kwenye gari la mwaka wa mvua.

Mpwa wangu wa miaka tisa alinikuta nimeanza. Akasimama kimya, kisha: "Mjomba, mbona unalichafua na lilikuwa zuri?" Nikamwita aje, nikampa brashi, tukafanya gurudumu la nyuma pamoja. Aliuliza maswali sahihi kuliko watu wazima. Vumbi linatoka wapi? Linarushwa na nini? Linakaa wapi upepo ukipita? Ukiyajibu hayo, huhitaji picha nyingi.

Magurudumu ndiyo yanayolirusha. Kwa hiyo uzito wake uko nyuma ya kila gurudumu, kwenye sketi ya chini ya mlango, ndani ya madigadi. Kisha gari linapokimbia, hewa nyuma yake inajizungusha na kulivuta vumbi lirudi juu ya buti. Mgongo wa 240Z umeteremka mrefu, na kioo cha nyuma kimelala. Chote hicho hufunikwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Paa hupata kidogo. Pua ya boneti hupata kidogo zaidi, pamoja na wadudu.

Utaratibu wangu: popote vumbi litakapokaa, pulizia kwanza vanishi ya maji isiyong'aa. Poda haishiki kwenye klia, inateleza kama kwenye kioo. Kisha pulizia rangi nyembamba mno ya mchanga, Tamiya XF-57 inafaa, kutoka chini kwenda juu, bunduki ikiwa imelala, ili kingo za chini zishike zaidi. Hapo gari limepata ukungu. Ndipo poda, kwa brashi laini kavu, ukiigonga na si kuisugua. Ikishakaa, chukua maji yenye tone moja la sabuni na tone moja la vanishi ile ile, gusa ukingo wa poda kwa ncha ya brashi, yatasambaa yenyewe. Usitumie spiriti ya hospitali. Mimi iliniyeyushia vanishi ya mlango mzima. Likikauka, rudia mahali panapostahili uzito, na mahali pengine pote acha.

Matope yaliyoruka ni hatua nyingine. Poda, gundi nyeupe kidogo, maji, mpaka iwe kama uji mwepesi. Chovya brashi ya meno, kwangua nywele zake kwa kijiti ukiwa umeilekeza gari kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu tope halirukii mbele. Kinga milango kwa kipande cha karatasi ili lisivuke mstari wa magurudumu. Jaribu juu ya gazeti kwanza. Matone matatu makubwa yanaharibu kazi yote.

Matairi: jaza uji kwenye mikunjo ya tairi, kisha futa uso unaogusa barabara kwa kitambaa chenye maji. Mpira unabaki safi juu, vumbi linabaki kwenye mifereji.

Waipa zifanye kabla ya vumbi la kioo cha mbele. Weka kipande cha waipa kwenye kioo, weka alama pale zinapozungukia, kisha kata tepu kwa umbo la nusu duara mbili zinazopishana kidogo katikati. Bandika, tia vumbi, toa. Unapata madirisha mawili ya upinde ambayo dereva na navigeta walikuwa wakiangalia kupitia kwayo. Ukingo wake wa nje, pale waipa inaposukuma uchafu na kuuacha, uongeze mstari mwembamba wa tope kwa kijiti cha meno. Huo mstari ndio watu husogea karibu kuutazama.

Kuna sehemu za kufuta. Kishikio cha mlango na eneo linalokizunguka, kwa kuwa mikono imepita hapo. Namba ya mashindano, kwa kuwa kwenye vituo vya ukaguzi ilikuwa lazima isomeke. Ifute kwa kidole chenye maji, kwa mkupuo mmoja, iache alama ya vidole. Taa za mbele. Si zaidi.

Nilipolimaliza nilimpelekea mzee Voi, ndani ya boksi la viatu lililojaa pamba. Alilitoa, akalishika chini ya balbu, akalizungusha polepole. Akatazama madigadi, akatazama waipa, akanyamaza kwa muda. Kisha akaligeuza nyuma, akalisogeza karibu na jicho lake zuri.

"Kioo cha nyuma," akasema, "bado naona viti."

Nilikuwa nimebeba kichupa. Nikakaa pale pale kwenye ngazi ya mlango na brashi, nikaongeza mpaka viti vikapotea.